Chumvi ya Uvinza na Nyama ya Safari

Bekoni ni nyama ya nguruwe iliyokolezwa chumvi na, mara nyingi, kufukizwa moshi. Katika misafara ya Tabora, iliyokuwa na Waislamu wengi, nyama hiyo isingeweza kuwa chakula cha wote. Hata hivyo, maarifa ya kuihifadhi nyama yalikuwako, na chumvi haikuwa mbali.

Mwezi Oktoba 1871 msafara wa Stanley, uliotoka Kwihara karibu na Tabora, ulipiga kambi kando ya mto Gombe. Wawindaji waliua wanyama wengi, na wapagazi wakaibanika nyama juu ya moto. Amri ya kuondoka ilipotolewa, walinung'unika wakitaka siku moja zaidi. Nao walikuwa na haki, maana nyama ikiachwa na maji yake huoza upesi.

Bakteria hawawezi kustawi pasipo maji. Jua na moto huyageuza kuwa mvuke. Chumvi huyavuta kutoka katika nyama na hata katika seli za bakteria wenyewe, kwa njia iitwayo osmosisi. Moshi nao huacha juu ya nyama kemikali zinazozuia vijidudu.

Chumvi iliyosifika zaidi njiani ilitoka Uvinza, kwenye chemchemi zilizo karibu na mto Malagarasi, kati ya Tabora na Ujiji. Wakati wa kiangazi watu waliyachemsha maji yake vyunguni mpaka ikabaki chumvi, na watawala wa huko wakatoza ushuru. Burton na Speke walipita huko mwaka 1858, lakini kazi hiyo ilikuwa ya kale mno: uchimbaji wa John Sutton na Andrew Roberts wa mwaka 1967 ulionyesha kuwa ilianza yapata karne ya tano au ya sita B.K.

Watengenezaji wa bekoni huongeza pia naitriti, ambayo huzuia bakteria hatari wa botulizimu na kuipa nyama wekundu wake. Lakini mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliziweka nyama zilizosindikwa hivyo miongoni mwa visababishi vya saratani ya utumbo mpana.

Mwalimu aweza kuionyesha osmosisi darasani kwa vipande viwili vya kiazi, kimoja katika maji matupu, kingine katika maji yenye chumvi nyingi. Baada ya saa chache cha pili huwa teketeke, hupindika bila kuvunjika.