Mbilikimo na Kibete: Matumizi ya Maneno Mawili

Katika toleo hili tunapenda kufafanua maneno mawili ambayo wanachuo wetu watakutana nayo wakifundisha hadithi katika mazoezi ya kufundisha, iwe Masaka jijini Kigali au kwingineko: mbilikimo na kibete.

Tuchukue ngano ya Wachaga iliyomo katika mkusanyo wa Alice Werner wa mwaka 1933. Ndugu wawili maskini, Mkunare na mdogo wake Kanyanga, wanapanda Mlima Kilimanjaro kila mmoja kwa wakati wake. Huko wanawakuta Wakonyingo, watu wafupi wa ajabu. Mkunare anadhani ni watoto, anawauliza wakubwa wao wako wapi. Anaambiwa asubiri, mwishowe anarudi mikono mitupu. Kanyanga anawaheshimu kama watu wazima, naye anarudi na ng'ombe.

Je, Wakonyingo tuwaite mbilikimo? Neno hili huelezwa kuwa limetokana na "mbili" na "kimo", yaani mwenye kimo cha vipimo viwili. Tatizo ni kwamba limetumika pia kwa jamii halisi za misitu ya Kongo na Maziwa Makuu. Mwanafunzi akilitafsiri kwa Kinyarwanda huenda akasema "Umutwa", na hapo mwenzake wa dawati moja atakuwa amegeuzwa kiumbe wa ngano. Lugha rasmi ya Rwanda husema "abasigajwe inyuma n'amateka", yaani walioachwa nyuma na historia.

Kibete ni mtu mzima mfupi mno. Kwa umbo neno hili ni la ngeli ya KI-VI, lakini hupatanishwa kama A-WA: kibete amefika, vibete wamefika. Katika ngano linafaa. Kwa mtu halisi, hata hivyo, linaweza kuumiza. Ni heri kusema "mtu mwenye kimo kifupi", kama Kinyarwanda kinavyotaja "ubugufi bukabije".

Tunapendekeza basi viumbe wa hadithi wabaki na majina yao: Wakonyingo wawe Wakonyingo. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, na watoto wengi huyasikia maneno haya kwa mara ya kwanza darasani. Watakavyoyatumia uwanjani wakati wa mapumziko kunategemea sana jinsi mwalimu alivyoyafundisha.