Maharage, Makala na Maji ya Digrii 95

Mpishi aliyekulia Mombasa au Dar es Salaam akihamia Goma, maharage ndiyo yatakayomsumbua kwanza. Atayateleka kama alivyozoea, ataongeza maji mara ya kwanza, mara ya pili, na punje bado zitakuwa ngumu. Atamlaumu aliyemuuzia. Pengine muuzaji ana lake, lakini mkosaji mkubwa ni mwinuko. Goma imekaa kando ya Ziwa Kivu, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko pwani, kwa hiyo maji huchemka yakifika digrii 95 hivi badala ya 100.

Yakishachemka, hayapandi tena. Hapo ndipo makala mengi, yaani makaa, hupotea. Mtu huona mapovu yamepungua, hudhani chungu kimepoa, huongeza makala na kupepea. Lakini maji yanayotokota kwa fujo na yanayotokota taratibu yana joto lilelile. Moto wa ziada hugeuza tu maji kuwa mvuke, na chungu huhitaji kuongezwa maji mengine.

Kwa familia nyingi za Goma, hesabu ya chakula cha jioni haiishii kwenye bei ya chakula chenyewe. Mji huu wenye watu zaidi ya milioni moja hupika hasa kwa makala yanayotoka Masisi, Rutshuru na hata ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Barabara zikifungwa, kama ilivyotokea Februari 2024 mapigano yalipofika upande wa Sake, makala na chakula hupanda bei pamoja. Maharage yaliyoonekana rahisi sokoni hugeuka kuwa mlo wa gharama jikoni, kwa sababu hukaa motoni saa nyingi.

Ndani ya punje ya haragwe, seli zimegandishwa pamoja kwa pektini, kitu kilekile kinachogandisha jemu ya matunda. Haragwe huiva pektini hiyo inapolegea, na ulegeaji huo hupungua kasi kwa kila digrii inayokosekana. Ndiyo maana digrii tano tu huonekana wazi kwenye saa. Tatizo huzidi kama maharage yamekaa miezi mingi kwenye ghala lenye joto na unyevu, kwani madini ya kalsiamu na magnesiamu huzidi kuikaza pektini. Kwa hiyo swali la sokoni, “Mama, haya maharagi ni ya mupya?”, lina maana kubwa kuliko kupatana bei. Ni busara pia kutochanganya ya zamani na mapya katika chungu kimoja: nusu yatakuwa uji, nusu kokoto.

Dawa ya kwanza ni kuloweka usiku kucha, na kijiko kidogo cha chumvi katika maji ya kulowekea husaidia, maana sodiamu huchukua nafasi ya sehemu ya ile kalsiamu. Magadi au soda kidogo hulainisha haraka zaidi, ila ikizidi huharibu ladha na vitamini B1. Nyanya zisubiri hadi mwisho; asidi yake hukaza punje ambazo hazijaiva. Maji yaliyolowekewa humwagwa. Katika mitaa ambako maji hubebwa kwa bidoni kutoka ziwani, kuyamwaga kunauma, lakini yanatosha kuoshea sakafu.

Si kila chakula kinachoteswa na mwinuko. Wanga wa muhogo huanza kuvimba na kushikana kwenye digrii 65 hadi 70, kwa hiyo fufu husongwa Goma bila shida yoyote. Mafuta nayo hayajali kimo: ya kukaangia hufika digrii 170 na zaidi popote pale. Hapo sambaza ndiyo mshindi. Samaki huyu mdogo si mwenyeji wa Ziwa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akazaana hadi kuwa kitoweo cha kila siku. Wavuvi humtega usiku kwa taa. Akikaangwa, dakika chache zinatosha, na kwa kuwa huliwa mzima na mifupa yake, hutoa protini na kalsiamu kwa moto mdogo sana. (Jibini la Masisi halihitaji moto kabisa, ila mfuko wa mnunuzi ndio huamua.)

Sombe ina sheria zake. Majani ya muhogo yana viambata vinavyotoa sianidi, na kuyatwanga si kwa ajili ya ulaini tu: kunapasua seli, kimeng'enya kilichomo kinakutana na viambata hivyo, na sumu hutoka kama gesi. Gesi hiyo huchemka kwenye digrii 26, kwa hiyo mwinuko wa Goma hauizuii kuondoka. Kinachoizuia ni kifuniko. Sombe ichemke kwanza chungu kikiwa wazi, kisha ndipo kifunikwe, yaongezwe mawese na karanga, na moto upunguzwe.

Kwa maharage, chungu kinachozuia mvuke kutoka, kile cha presha, hupandisha joto juu ya digrii 110 hata Goma, na hupunguza muda sana. Ni ghali. Njia rahisi zaidi ni kikapu kilichojazwa vitambaa au blanketi kuukuu, ambacho Kenya hukiita jiko kapu. Maharage yaliyolowekwa huchemshwa kwa nguvu nusu saa, na hatua hii hairukwi, kwa sababu maharage mekundu mabichi yana lektini inayoleta kutapika na kuhara, na joto la chini ya kuchemka haliiharibu ipasavyo. Kisha chungu, kikiwa kimejaa na kimefunikwa, huingizwa kikapuni kikitokota na kufungwa pande zote. Humo hujiivia saa kadhaa bila kaa hata moja, huku jiko likisonga fufu.

Kikapu kisifunguliwe kila mara kuonja, maana joto lililotoka halirudi. Chungu kikitolewa na punje bado zina kiini kigumu, kirudishwe motoni kichemke dakika chache na kufungwa upya. Na kama asubuhi maharage yamebaki vuguvugu tu, yasipewe watoto kabla ya kujulikana yamekaa hivyo kwa muda gani: vijidudu fulani huacha sumu ambayo hata kuchemsha tena hakuiondoi.