Picha Safi ya Kifua Haimalizi Habari ya Pumzi

Mzazi akiambiwa kwamba picha ya kifua cha mwanawe ni safi, humshukuru Mungu na kurudi nyumbani. Lakini usiku mtoto anakohoa tena na kifua kinapiga filimbi. Je, picha ilidanganya? Hapana. Ilijibu swali jingine.

EKSIREI. Mionzi hii iligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen mwaka 1895. Huonyesha umbo la mapafu: nimonia, maji kifuani, makovu ya kifua kikuu. Lakini mpigaji picha hukuambia, "Vuta pumzi, ishike!" Hivyo picha hupigwa hewa ikiwa imetulia. Mwenye pumu shida yake kubwa ni kutoa hewa, kwa kuwa mirija imebana. Picha yake huweza kuonekana safi kabisa.

SITI-SKANI. Hii huonyesha mapafu kama mkate uliokatwa vipande vyembamba. Ikipigwa mara mbili, pumzi ikiwa ndani na baada ya kutolewa, daktari huona mahali hewa iliponaswa. Lakini ni ghali, na mionzi yake huweza kuwa mara 50 ya eksirei au zaidi. Haipigwi ovyo.

PICHA ZA HEWA YENYEWE. Katika baadhi ya hospitali kubwa duniani mgonjwa huvuta gesi yenye mionzi kidogo, na kamera huonyesha ilikofika. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha gesi ya zenoni iliyoandaliwa maalumu, ambayo huonekana kwa mashine ya sumaku, yaani MRI, bila mionzi ya eksirei.

KIPIMO CHA KUPULIZA. Hiki si picha. Unavuta pumzi nyingi, kisha unapuliza kwa nguvu zote kwenye mrija, na mashine hupima hewa iliyotoka na kasi yake. Mtoto wa miaka sita hivi akielekezwa vizuri huweza. Kwa pumu, mara nyingi kipimo hiki husema mengi kuliko eksirei.

Basi, ndugu msomaji, tufanye nini?

1. Mtoto mwenye pumu asiachishwe dawa kwa sababu picha ni safi. Muulize daktari kuhusu kipimo cha kupuliza.

2. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, nenda ukapimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Aliyekwisha kupona aeleze hivyo, maana kovu huweza kuonekana kwenye picha miaka yote.

3. Aliyechimba Mererani au kupasua mawe amweleze daktari. Vumbi la mawe huharibu mapafu polepole. Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, imehudumia wagonjwa wa kifua tangu mwaka 1926.

4. Mama mjamzito aseme kabla ya kupigwa picha.

Pumzi ni zawadi ya Mungu. Tuitunze, na daktari tumweleze yote, hata yale ambayo picha haiyaoni.