Mfiwa Si Mwenyeji

Mtu akifariki Mbagala au Mwananyamala, mwili unaweza kuwa bado uko mochwari, lakini turubai limeshafungwa uchochoroni, viti vya kukodi vimeshushwa na mwenye mwandiko mzuri ameshakabidhiwa daftari la michango. Kamati inakaa kupanga jeneza, usafiri, mchele na mkaa. Utaratibu huu una utu mwingi, lakini aliyewahi kukaa kwenye kamati anaujua upande wake wa pili. Familia iliyomaliza akiba hospitalini hujikuta inalisha mtaa mzima siku tatu, na wageni wakitawanyika, madeni yanabaki.

Sisi tunaofanya kazi ya tiba shufaa, yaani kuwahudumia wagonjwa wasiotarajiwa kupona pamoja na jamaa zao, hujiuliza taratibu za msiba zinamlinda nani. Wayahudi walilijadili swali hilo kwa uwazi tangu zamani, na majadiliano yao yamehifadhiwa katika Talmudi.

Humo imeelezwa kwamba matajiri walikuwa wakipelekewa chakula cha msiba kwa vikapu vya fedha na dhahabu, na maskini kwa vikapu vya fito. Maskini wakaona haya, ikaamuliwa vikapu vya fito vitumike kwa wote. Gharama za maziko nazo zilikuwa zimepanda hadi zikawaelemea jamaa kuliko kifo chenyewe, wengine wakawa wanautelekeza mwili na kukimbia. Ndipo Gamalieli wa Pili, kiongozi mkubwa wa Wayahudi karibu miaka 1,900 iliyopita na mjukuu wa yule Gamalieli wa Matendo ya Mitume, akakubali kushusha heshima yake, akazikwa kwa kitani cha kawaida. Watu wakamfuata. Mpaka leo Myahudi anayezikwa kwa mapokeo hayo huvikwa sanda nyeupe isiyo na mfuko, awe tajiri au fukara.

Ulinzi wenyewe huanza mtu angali hai. Kwa sheria yao, anayekata roho ni mtu hai kwa kila hali. Ni marufuku kumfunga taya au kumnyoosha kama maiti kabla ya wakati wake, na hapaswi kuachwa peke yake. Kuharakisha kifo chake ni haramu. Lakini kuna mpaka wa upande wa pili pia. Katika karne ya 16, Rabi Moshe Isserles wa Kraków, Poland, aliandika kwamba kama kelele za mtu anayepasua kuni karibu na nyumba zinaizuia roho isitoke, inaruhusiwa kuzinyamazisha.

Talmudi ina kisa kinachofanana na hicho. Rabi Yehuda HaNasi alipougua, wanafunzi wake waliomba mfululizo asife. Mtumishi wake wa kike, alipoyaona mateso ya bwana wake, alipanda juu ya paa akaangusha mtungi. Wanafunzi wakashtuka, dua ikakatika, na roho ikatoka. Hakulaumiwa. Katika karne ya 14, Rabi Nissim wa Gerona alikitumia kisa hicho kufundisha kwamba kuna wakati inafaa kumwombea mgonjwa apumzike.

Bunge la Israel lilipotunga sheria ya mgonjwa anayekaribia kufa mwaka 2005, lilitembea katikati ya mipaka hiyo miwili. Sheria inakataza kumuua mgonjwa, inaruhusu kutoanza tiba itakayomrefushia mateso, na inataka apunguziwe maumivu. Hata hapa Dar es Salaam, mgonjwa wa Taasisi ya Saratani Ocean Road akiandikiwa mofini ya kunywa, lengo si kumwahisha. Lengo ni alale, ale, azungumze na wanawe. Uganda iliruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu waandike mofini tangu 2004, ili nafuu imfikie mgonjwa nyumbani kwake.

Roho ikishatoka, anayehitaji mlinzi ni maiti. Kazi hiyo ina chama chake, chevra kadisha, ambacho msomaji wa Temeke atakitambua mara moja kuwa chama cha kufa na kuzikana. Cha Prague kilianzishwa mwaka 1564. Kwa mapokeo, wanachama hujitolea. Wanaume huosha wanaume na wanawake huosha wanawake. Mwili hufunikwa, sehemu inayooshwa tu ndiyo hufunuliwa, na mazungumzo yasiyohusu kazi hukatazwa. Wakimaliza, humwomba marehemu msamaha iwapo wamemvunjia heshima. Mwislamu anayejua kuosha maiti, sanda na kuzika mapema hataona ugeni hapo.

Tofauti na vyama vyetu vingi iko kwenye mwanzo wa kazi. Chama cha Prague kilichorewa picha za shughuli zake katika miaka ya 1770, na picha ya kwanza haionyeshi kaburi wala jeneza. Inaonyesha wanachama wamemzunguka mgonjwa kitandani. Vyama vyetu kwa kawaida husubiri simu ya msiba.

Baada ya maziko, ulinzi unahamia kwa mfiwa. Hata kabla ya kuzika, amesamehewa sala na wajibu mwingine wa kidini, kwa kuwa kazi yake ni moja tu, kuzika. Anachana nguo yake, au sehemu ya nguo. Wakirudi kutoka makaburini, mlo wa kwanza hautakiwi kutoka jikoni kwake. Majirani ndio huleta mayai, dengu na mkate. Katika Uislamu pia, Mtume aliagiza familia ya binamu yake Jaafar, aliyekuwa amefariki, itengenezewe chakula, kwa kuwa imefikwa na jambo la kuishughulisha.

Kisha huja siku saba za kukaa nyumbani, kwenye viti vifupi. Anayekuja kuhani hukaa kimya mpaka mfiwa aseme kwanza, na mfiwa hana wajibu wa kumkaribisha wala kumsindikiza mtu. Siku ya 30 masharti hulegea. Aliyefiwa na mzazi huendelea hadi miezi 12, na kwa miezi 11 husoma sala ya kadishi. Sala hiyo haisomwi bila watu kumi, kwa hiyo huzuni yenyewe inamtoa nyumbani na kumrudisha kwa wenzake. Kwetu kuna umati wa siku tatu, halafu arobaini, na katikati hapo mjane hubaki na kuta zake.

Mapokeo haya hayako mbali nasi. Nairobi ina sinagogi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na kando ya Mbale, Uganda, wanaishi Abayudaya, walioanza kufuata dini hiyo wakiongozwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Hatuhitaji kubadili dini wala kuliondoa turubai ili kujifunza kwao. Kamati inaweza kuamua kwamba jiko la familia lisiwashwe kwa ajili ya wageni, jeneza liwe la bei moja kwa wanachama wote, na majina yapangwe ya watakaokwenda kukaa na mfiwa wiki ya pili na ya tatu, na ya watakaokwenda kwa mgonjwa kabla ya yote hayo.

Walimu wa Talmudi walijua pia kwamba mwenye kipato cha kutwa hawezi kukaa siku saba. Mfiwa maskini walimruhusu kufanya kazi kuanzia siku ya nne, kwa faragha. Lakini Talmudi ya Yerusalemu inaongeza neno ambalo mama lishe wa Tandika anayerudi kwenye jiko lake siku ya nne angelielewa vizuri: laana na iwapate majirani waliomwacha afikie hapo.