Leseni ya hataza yaweza kuijenga au kuiangusha kampuni changa

KAMPUNI changa ya bayoteknolojia kwa kawaida haina dawa sokoni wala mapato ya mauzo. Mali yake kubwa huwa ni leseni ya kutumia uvumbuzi wa chuo kikuu au taasisi ya utafiti. Leseni hiyo ikiyumba, kampuni nayo huyumba.

Hataza ni haki ya kisheria inayomwezesha mvumbuzi kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake, kwa kawaida kwa miaka 20 tangu kuwasilisha maombi. Mwenye hataza aweza kumpa mwingine leseni kwa malipo: ada ya kuanzia, fedha kila hatua ya utafiti inapofikiwa, na mrabaha dawa ikianza kuuzwa.

Hatari ya kwanza ni kwamba aliyetoa leseni aweza kupoteza haki yenyewe. Mfano ni CRISPR, teknolojia ya kuhariri jeni. Chuo Kikuu cha California na washirika wake waliwasilisha maombi nchini Marekani Mei 2012. Taasisi ya Broad iliwasilisha yake Desemba mwaka huo, lakini kwa kuomba uchunguzi wa haraka ikapata hataza Aprili 2014. Kampuni ya Intellia ilitegemea haki za upande wa California, na Editas ikachukua za Broad.

Februari 28, 2022, bodi ya Ofisi ya Hataza ya Marekani iliamua kwamba Broad ndiyo iliyotangulia kuitumia CRISPR katika seli za viumbe kama wanyama na mimea. Hisa za Intellia zilishuka bei, ingawa Jennifer Doudna wa California na Emmanuelle Charpentier walikwisha kupata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020. Mei 2025, mahakama ya rufaa ilitengua sehemu ya uamuzi huo na kulirudisha shauri kwenye bodi. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Hatari ya pili ni mipaka ya nchi. Broad iliyoshinda Marekani ilishindwa Ulaya: Januari 2020 hataza yake mojawapo ilithibitishwa kufutwa, kwa kasoro iliyotokana na mvumbuzi mmoja wa maombi ya awali kuachwa nje.

Hatari ya tatu ni kulipa mara mbili. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu, ugonjwa unaowatesa watu wengi Tanzania na nchi jirani. Tiba hiyo ni ya Vertex na CRISPR Therapeutics, kampuni iliyopata haki zake kupitia Charpentier. Hata hivyo, mwezi huohuo Vertex ilikubali kuilipa Editas dola milioni 50 za kuanzia ili iwe na leseni ya upande wa Broad pia. Vertex ni kampuni kubwa. Kwa kampuni changa, deni kama hilo laweza kuwa mwisho wa safari.

Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, mpokeaji leseni hana budi kuuliza: Je, wavumbuzi wote wametajwa? Leseni inahusu nchi zipi na magonjwa yapi? Nani atagharimia kesi? Na hataza ikifutwa, malipo yatakoma, au kampuni itaendelea kulipia haki isiyokuwapo?