Mawe ya Chokaa Si Yote Sawa

Mkazi wa Mugango anayejenga nyumba kando ya Ziwa Victoria amezungukwa na mawe, lakini mawe hayo ya itale hayatoi saruji. Saruji hutokana na mawe ya chokaa yanayochimbwa mbali, kama Tanga na Wazo Hill, Dar es Salaam. Mwenye kiwanda cha saruji popote duniani huhofia jirani mmoja wa mawe hayo, aitwaye dolomaiti.

Kwa macho wawili hawa hufanana. Tofauti ni kwamba dolomaiti ina magnesiamu nyingi. Ikichomwa tanurini, magnesiamu hiyo huwa unga unaochelewa kunywa maji. Unapoyanywa, huvimba, na ukuta hupasuka muda mrefu baada ya fundi kulipwa na kuondoka.

Je, dolomaiti hutoka wapi? Mawe mengi ya chokaa yalianzia baharini. Kwenye kina kirefu, magamba ya viumbe wadogo sana yalianguka kama vumbi, yakalundikana na kugandamana kuwa mwamba wa kalsiamu. Maji ya bahari yana chembe zipatazo tano za magnesiamu kwa kila moja ya kalsiamu. Ungedhani basi mwamba wote ungegeuka upesi. La hasha! Kule chini kuna baridi, na tope lake ni laini mno, maji hupenya kwa shida.

Mara nyingi mageuzi husubiri mamilioni ya miaka, mpaka mwamba ufukiwe, upate joto na kupasuka. Hapo maji ya chumvi hupita katika nyufa, yakiacha magnesiamu na kuondoka na karibu nusu ya kalsiamu. Ndiyo maana mwamba mmoja waweza kuwa dolomaiti kando ya ufa, na chokaa tupu hatua chache mbele.

Jiwe hili lilielezwa mwaka 1791 na Mfaransa Déodat de Dolomieu, na jina lake likabaki nalo. Mwaka 1998, Mmarekani Lynton Land alitangaza kwamba alijaribu kulitengeneza katika joto la kawaida kwa miaka 32, asipate kitu.

Dolomaiti si adui. Hapa kwetu imo katika marumaru ya milima ya Uluguru, Morogoro. Ikisagwa, hupunguza uchachu wa udongo na kumpa mkulima magnesiamu. Muhimu ni kujua unashika lipi. Tone la asidi hafifu hutoa povu jingi juu ya jiwe la chokaa. Dolomaiti hutoa povu kidogo tu, mpaka uikwangue iwe unga.

Basi unaponunua saruji, tazama alama ya Shirika la Viwango. Unaponunua chokaa ya shamba, uliza ni ya aina gani, na udongo upimwe kwanza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa dolomaiti huzibwa machimboni, kabla mfuko haujashonwa.