Namba ya Kolamu Isihesabiwe kwa Kidole

Mitihani ya muhula ikiisha katika shule za Issenye, wilayani Serengeti, kama ilivyo Tanzania nzima, mwalimu wa taaluma hubaki na kazi ya kuhamisha alama za masomo yote kwenye ripoti ya kila mwanafunzi. Anayetumia Excel huiachia VLOOKUP kazi hiyo. Fomula hii hutaka kujua inamtafuta nani, katika jedwali lipi, ilete jibu kutoka kolamu ya ngapi, na kama ilingane sawasawa au ikadirie. Mtego uko kwenye kolamu. Tuseme A ni namba ya mstari, B namba ya mwanafunzi, C jina, D jinsi, E Kiswahili, F Kiingereza, G Hisabati na H Baiolojia. G ni herufi ya saba, lakini jedwali la kutafutia linaanzia B, kwa hiyo Hisabati ni ya 6. Ukiandika 7, unaletewa Baiolojia, na kompyuta hailalamiki. Aliyepata 28 ya Hisabati, yaani daraja F, anaandikiwa 52 ya Baiolojia, yaani daraja C, na mzazi anaamini.

Hata aliyehesabu vizuri hayuko salama. Mtaala wa mwaka 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Likiingizwa kabla ya Hisabati, jedwali linatanuka lakini ile 6 haibadiliki, nayo sasa inaleta somo jipya. Ndiyo maana nashikilia kwamba namba hiyo itafutwe na fomula yenyewe, kwa jina la somo (hapa A2 ni seli ya ripoti yenye namba ya mwanafunzi, na Alama ni karatasi yenye jedwali la alama):

=VLOOKUP(A2,Alama!$B$1:$M$60,MATCH("Hisabati",Alama!$B$1:$M$1,0),FALSE)

MATCH husoma vichwa vya kolamu na kurudisha nafasi ya Hisabati popote ilipo, mradi vichwa navyo vianzie B.

Wapo watakaosema kichwa kikiandikwa “Hesabu”, au kikiwa na nafasi tupu mwishoni, fomula inagoma. Ni kweli, na ni heri igome: #N/A mwalimu anaiona na kuirekebisha kabla ya kuchapa, ilhali alama ya somo jingine inapita kimya hadi nyumbani kwa mtoto. Wengine watasema XLOOKUP haihitaji namba kabisa. Sawa, kwa mwenye Excel 2021 au Microsoft 365. Lakini Excel 2016 haina fomula hiyo, na faili la alama hupita kwenye kompyuta za walimu wengi. VLOOKUP na MATCH zinafanya kazi kote huko.